Nyumba ya mizimu isiyo na mizimu

Leo naandika ili kugombana. Sigombani na adui wa Kanisa. Nagombana na rafiki zangu wa kamati ya vijana, watu ninaokula nao, na ambao Jumapili ijayo tutasalimiana tena mlangoni pa kanisa. Wamesema mbele ya watu kwamba katekista amekuza jambo dogo. Wamesema sinema ni mchezo. Tena wamesema neno moja ambalo wengi walilipigia makofi: ya kwamba ile filimu haikumtisha hata mtoto, basi haikumdhuru mtu. Neno hilo silikubali. Mimi nasema filimu ile imetudhuru kwa sababu hiyohiyo, maana haikutoa kile ilichoahidi.

Kwanza nikiri kosa langu. Tangazo la sinema nililisoma mimi, baada ya Komunyo, kwa sauti hii hii ninayofundishia katekismu. Kamati ilitafuta fedha za mabati, kwa kuwa ukumbi wetu unavuja. Je, niliitazama filimu kwanza? Sikuitazama. Nilisoma tu karatasi niliyopewa, iliyosema kwamba mwenye moyo dhaifu asije peke yake. Watu walicheka, nami nikacheka.

Jumamosi jioni ukumbi ukajaa. Waliokosa viti walikaa juu ya mikeka, wengine walisimama madirishani. Jenereta liliunguruma nje, shuka jeupe la mama mmoja wa Legio lilitundikwa ukutani, na kijana mwenye kipaza sauti alitufasiria maneno. Filimu yenyewe inaitwa House on Haunted Hill, yaani nyumba ya mizimu juu ya kilima. Ilitoka Marekani mwaka 1959, haina rangi, na haimalizi saa moja na nusu. Aliyeiongoza ni William Castle. Hati ya haki zake haikufanywa upya wakati ulipotimia, kwa hiyo yeyote aweza kuinakili bila kulipa, na ndiyo sababu imefika hata kwetu ndani ya flashi ya kijana mmoja.

Inaanza katika giza. Hakuna picha, kuna vilio tu, minyororo na vicheko vibaya. Halafu kinatokea kichwa cha mtu kikielea hewani, kikituambia kwamba katika nyumba ile wamekufa watu saba. Halafu kichwa cha pili, cha tajiri aitwaye Frederick Loren, ambaye ni Vincent Price. Huyo bwana ana sauti nzuri kweli, na bila sauti yake nadhani watu wangeondoka mapema. Loren anawaalika watu watano wasiojuana: rubani, mwandishi wa gazeti, daktari wa magonjwa ya akili, msichana aitwaye Nora anayefanya kazi katika kampuni yake, na Pritchard, mwenye nyumba, mlevi asiyekoma kusimulia habari za wafu. Atakayekaa humo usiku kucha atapata dola 10 000. Usiku wa manane milango inafungwa. Madirisha yana nondo. Kila mgeni anapewa bastola ndani ya jeneza dogo. Na chini, katika pishi, kuna shimo la tindikali, maji makali yanayokula nyama ya mtu na kuacha mifupa.

Mtaona jinsi ahadi ilivyo kubwa. Sasa tazameni malipo. Tone la damu linaanguka toka darini juu ya mkono wa yule mwandishi wa gazeti. Pritchard anasema huyo ametiwa alama na wafu. Tunangoja kujua damu imetoka wapi. Tunangoja mpaka mwisho, na hatuambiwi. Kamba inaingia dirishani kama nyoka na kujizungusha miguuni pa Nora, huku mke wa Loren, ambaye wote wanamdhania amejinyonga, anamtazama kutoka nje gizani. Nani aliivuta kamba ile? Huyo mwanamke alisimama juu ya nini? Hatuambiwi. Hata nyumba ni mbili: nje ni nyumba mashuhuri ya matofali ya saruji iliyojengwa Los Angeles mwaka 1924 kwa ramani ya Frank Lloyd Wright, ndani ni jumba jingine kabisa, la pazia na taa za zamani. Mzee mmoja fundi mwashi aliyekaa karibu nami aliligundua jambo hilo kabla ya watu wote, akaguna.

Lakini hayo ni makosa ya fundi, na kwa makosa ya fundi nisingechukua kalamu. Umasikini si dhambi. Inasemekana filimu ile iligharimu dola 200 000 hivi, fedha kidogo kwa desturi ya Marekani. Ziko filimu zilizotengenezwa kwa fedha chache kuliko hizo nazo zikatimiza ahadi. Hapa kwetu Kongo, miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza katika Kasai filimu za Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Zilikuwa na makosa yake, maana zilimtazama Mkongo kama mtoto wa shule. Lakini ziliahidi kicheko, na watu walicheka. Hata filimu ya nyumba ya mizimu yaweza kuwa ya kweli. Mwaka 1963 Robert Wise alitoa The Haunting, ambayo ndani yake hamwoni mzimu hata mmoja. Mnasikia kishindo ukutani, mnaona mlango wa mbao ukivimba kama unasukumwa, basi. Nayo inamshika mtu kooni, kwa sababu inazungumza habari za mwanamke mpweke aliyemuuguza mama yake miaka mingi, ambaye hana nyumba wala mtu wa kumngojea. Hofu yake ina mzizi.

William Castle hakutafuta mzizi. Alikuwa mchuuzi, na sisemi hivyo kumtukana, maana mwenyewe hakujificha. Mwaka 1958, kwa filimu yake Macabre, aliwakatia watazamaji bima: atakayekufa kwa hofu, watu wake watalipwa dola 1000. Mwaka 1961, kwa Homicidal, alisimamisha filimu kabla ya mwisho ili mwenye kuogopa atoke na kurudishiwa fedha, lakini atoke kwa kupitia pembe ya waoga, ambako wote watamwona. Kwa House on Haunted Hill alibuni hila nyingine. Katika sinema kubwa za Marekani alitundika juu ya watu kiunzi cha mifupa, kikapita hewani kwa kamba wakati ule mifupa inapotoka shimoni katika picha. Inasimuliwa kwamba watoto, walipokwisha kuijua hila, walikuja na manati na kukilenga. Watoto wale walikuwa na akili. Waliitafuta kamba, wakaiona.

Na kumbe filimu yenyewe ni habari ya kamba! Hapa ndipo rafiki zangu wa kamati wananijibu kwa nguvu, na jibu lao si la kijinga, kwa hiyo nalileta lote. Wanasema: Katekista, wewe unahubiri kila siku kwamba watu wasiogope mizimu. Filimu hii inasema vilevile. Mwisho tunaona kwamba yote yalikuwa hila. Mke wa Loren hakujinyonga; yeye na daktari ni wazinzi, wamepatana kumtia Nora wazimu wa hofu mpaka ampige Loren risasi, nao wabaki na mali. Loren naye alikwisha kuijua shauri yao; bastola ya Nora aliitia risasi zisizoua. Na ile mifupa iliyotoka shimoni na kumsukuma mwanamke ndani ya tindikali, aliichezesha Loren kwa kamba na magurudumu. Basi hakuna mzimu; kuna tamaa, uzinzi na uuaji. Si katekisimu hiyo?

Ingekuwa katekisimu, kama filimu ingeishia hapo. Ningeisamehe damu ya darini na nyumba mbili. Lakini kumbukeni dakika ya mwisho. Loren amekwisha kusema kwamba yu tayari kuhukumiwa na sheria. Ndipo Pritchard, yule mlevi, anageuka upande wetu. Anahesabu: walikuwa saba, sasa ni tisa. Wanakuja kunichukua mimi, asema, halafu watakuja kuwachukua ninyi. Basi filimu imekwisha, taa zinawashwa. Yaani mwenye duka ametuonyesha kwamba dawa yake ni maji matupu, tena kabla hatujatoka mlangoni anatuuzia chupa nyingine ya maji yale yale. Anajua kwamba mtu aliyepona hofu hatanunua tena.

Huo ndio uongo ninaoushtaki. Mtu akiamini mizimu na kuitengenezea filimu, nitamjibu kama mtu aliyekosea. Mtu asiyeiamini akasema wazi kwamba ni hila, nitamshukuru. Lakini huyu ameshika kamba mkononi, anaona watu wanatetemeka, naye anafumba mkono.

Tazameni jinsi Bwana wetu alivyofanya. Baada ya ufufuko wake mitume walidhani wanaona mzimu, kama asimuliavyo Mtakatifu Luka. Yezu hakuwaacha wakitetemeka ili wamheshimu zaidi. Aliwaonyesha mikono na miguu, akawaambia wamguse, akaomba chakula, akala samaki mbele yao. Aliiondoa hofu yote, hakubakiza kipande cha kuuza.

Kuna jambo la pili katika filimu ile, nami nilipoliona nilikuwa bado nacheka na wenzangu. Mnamkumbuka yule bibi katika pishi? Nora yuko peke yake, anageuka, na nyuma yake amesimama mwanamke mzee, nywele nyeupe, macho yametoka, vidole kama makucha, naye anateleza kama hana miguu. Hapo tu ndipo ukumbi mzima ulipiga kelele. Basi huyo alikuwa nani? Alikuwa mke wa mtunza nyumba, mtumishi, kipofu. Filimu inatuambia hivyo upesi upesi na kuendelea na mambo mengine. Katika nyumba yenye muuaji tajiri, mke mzinzi na daktari mnafiki, aliyetutisha kuliko wote ni mama mzee asiyeona, aliyekuwa kazini kwake. Hakuna aliyemwomba radhi.

Sasa nije mtaani kwetu.

Chini ya parokia, karibu na mto, iko nyumba moja ya matofali mabichi. Katika msimu mmoja wa mvua walikufa humo watu watatu, baba na watoto wawili. Waliobaki ni mjane, mtoto wa tatu, na mama yake mjane, ambaye macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe wa uzee. Wanaishi kwa mandazi ambayo mjane anayakaanga alfajiri na kuyauza mlangoni. Watu walikuwa wakinong'ona hata kabla ya sinema, sikatai. Lakini walinunua mandazi.

Jumatatu baada ya sinema watoto waliipa nyumba ile jina la Kilimani, ingawa iko bondeni. Wakahesabu: watatu wamekufa, bado wanne wafike saba. Doa jekundu la udongo ukutani likawa damu. Na bibi, ambaye jioni hukaa mlangoni apate hewa, wakaanza kumkimbia kwa vilio, kwa mchezo, kama walivyomwona Nora akipiga kelele. Juma la kwanza ulikuwa mchezo wa watoto. Juma la pili wakubwa waliacha kununua mandazi. Juma la tatu nilisikia kwa masikio yangu, mbele ya bomba la maji, mtu mzima aliyebatizwa na kuimarishwa, akilitaja jina la bibi yule pamoja na neno mlozi.

Ndugu zangu, neno hilo si neno la sinema. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake walishikwa na vikundi vya watu, wakashtakiwa ulozi, wakauawa, wengine kwa moto. Sisemi kwamba walitazama filimu. Nasema waliowaua walianza kama mtu yule wa bombani, kwa kutaja jina.

Tena nyumba ile nayo ina kamba yake, mkitaka kuitafuta kama watoto wa manati. Kamba yake ni kisima. Kilichimbwa hatua chache chini ya choo, na mvua kubwa iliposhuka, maji ya choo yaliingia kisimani. Wale watatu walikufa kwa kuhara na kutapika, upesi, maji yakiwaishia mwilini. Wauguzi waliofika waliita kolera. Ugonjwa huo waweza kumshika mtu saa chache baada ya kunywa, au siku chache, na kumwua siku hiyohiyo asipopewa maji yenye chumvi na sukari au kutundikiwa serumu. Walikuja, wakatia dawa kisimani, kisha wakakifunga. Tangu kilipofungwa hakuna aliyekufa nyumbani mle. Mtu yeyote wa mtaa anayajua hayo. Lakini kisima hakina sura, na bibi anayo.

Nimeulizwa: Je, katekista haamini tena kwamba pepo wabaya wako? Naamini, kama Kanisa linavyoamini. Ndiyo maana Kanisa halikuliacha jambo hilo mikononi mwa wachezaji. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1172, yasema hakuna awezaye kuwafukuza pepo kwa ibada ile kubwa asiyepewa ruhusa na askofu wake, na ruhusa hupewa padri mwenye ibada, elimu na busara. Katekisimu yaagiza kwanza kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Kwanza kisima, ndipo pepo. Na kwa marehemu wetu tunatoa Misa, tunawaombea tarehe 2 Novemba, kwa sababu wale walio toharani wanangoja msaada wetu. Katika kitabu gani cha Kanisa mmesoma kwamba wanahesabiana mpaka wafike saba?

Wengine wamenijibu kwa kunitajia fedha. Ni kweli, fedha zimepatikana, na mabati mawili matatu yatanunuliwa. Sitaki kubisha juu ya hesabu. Ila na mjane naye ana hesabu yake: debe la mafuta alilolinunua kwa mkopo, na unga ambao umeanza kuingia wadudu.

Wala sijasema tuuze mashine na kuchoma shuka. Mwaka 1936 Papa Pius XI, katika waraka wake Vigilanti cura, alionyesha hatari ya sinema mbaya na pia heri ya sinema njema. Pius XII alilirudia jambo hilo mwaka 1957, na Mtaguso mwaka 1963. Wote wanataka neno moja ambalo sisi tuliliruka: mtu mwenye akili aitazame filimu kwanza. Mtu huyo alipaswa kuwa mimi. Kama ningeitazama Ijumaa usiku, pengine ningeruhusu ionyeshwe, lakini ningesimama mara tu yule mlevi alipofunga mdomo, taa zikiwa zimewashwa, nikaionyesha kamba. Dakika kumi zingetosha. Badala yake niliwaambia watu usiku mwema.

Alhamisi iliyopita tulisali Rozari katika kiwanja cha mjane. Tulikuwa kumi na moja. Kutoka kamati walikuja wawili, nawashukuru, nao walikula mandazi mbele ya watoto wote waliochungulia penye ua. Bibi aliongoza fungu la nne, kwa sauti ndogo, bila kukosea. Alhamisi ijayo tutarudi, saa kumi na moja, naye Baba Paroko amesema atakuja.

Juzi kamati imeniletea karatasi mpya. Wamepata filimu ya pili, ile iliyotengenezwa upya mwaka 1999 kwa jina lilelile, yenye rangi na damu nyingi zaidi, nao wanaomba niitangaze Jumapili baada ya Komunyo. Karatasi hiyo iko mezani kwangu. Sitaisoma. Anayetaka itangazwe apande mwenyewe mimbarini, na kabla ya kupanda ashuke kwanza mpaka mtoni, anunue mandazi mawili, amsalimu bibi kwa jina lake.